Njia ya Tarishi

Baiskeli haina mwendo wa gari wala uvumilivu wa miguu, na kwa sababu hiyo wachora ramani kwa muda mrefu hawakujua waiweke wapi. Ramani iliyochorwa kwa ajili ya dereva humpeleka mpanda baiskeli kwenye barabara kuu, ambako daladala humpita karibu mpaka shati likapepea. Ramani iliyochorwa kwa ajili ya mtembea kwa miguu humpeleka kwenye ngazi, kwenye mitaro na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe ambamo usukani haugeuki. Anachokitaka yeye ni njia ya tatu, iliyo kati ya hizo mbili, na njia hiyo hapa Unguja kwa miaka mingi haikuandikwa popote. Ilikuwa vichwani mwa wauza samaki, wakwezi wa nazi, wanafunzi wa skuli za mbali, na matarishi.

Habari hii inamhusu tarishi mmoja mstaafu, mkaazi wa Ng'ambo, aliyebeba barua za serikali kwa karibu miaka 30 juu ya Phoenix nyeusi, sehemu kubwa ya miaka hiyo Unguja na michache Pemba. Alipostaafu, baiskeli aliiweka, barua zikaja kwenye simu za watu. Kisha mjukuu wake, kijana wa chuo, akampa simu yenye kioo kipana na kumtilia humo programu ya kupangia safari za baiskeli. Alichokitaka mzee kilikuwa kidogo: kwenda Michamvi kumtazama dada yake, bila ya kuandamana na malori njia nzima.

Programu ilimpa jibu kabla hajamaliza kuvaa miwani. Mstari wa buluu ulitoka Mjini, ukapita Tunguu, ukaingia Jozani, ukafika Kitogani, ukakunja kwenda Paje, ukapanda Bwejuu hadi Michamvi. Kilomita 60 na ushei, karibu zote za lami. Mzee aliuangalia mstari ule kama aangaliavyo barua iliyokosewa anwani.

"Babu, mbona hukuridhika? Imekupa njia fupi."

"Fupi kwa nani?"

Swali hilo si la ubishi wa uzee. Ndilo swali lenyewe, na jawabu lake lina historia. Mwaka 1956, Mholanzi Edsger Dijkstra alikuwa akitembea madukani mjini Amsterdam pamoja na mchumba wake. Walipochoka waliketi mkahawani kunywa kahawa, na katika muda wa dakika 20 hivi, bila ya kalamu wala karatasi, Dijkstra akaipata mbinu ya kuitafuta njia fupi kabisa baina ya miji miwili. Alikuwa anahitaji mfano utakaowaonyesha watu wa kawaida uwezo wa kompyuta mpya, akachagua ramani ya miji 64 ya Uholanzi. Mbinu hiyo aliichapisha mwaka 1959, na programu nyingi za safari za leo bado zinaitegemea yenyewe au vizazi vyake.

Kwa mtu wa pwani mbinu hiyo si ngeni. Ni mfano wa maji yanavyojaa. Huanza mahali pamoja, hufika kwanza palipo karibu, kisha panapofuata, na kila njia panda huandikiwa masafa madogo kabisa yaliyopatikana mpaka hapo. Yanapofika kule yanakotakiwa, hapana tena njia fupi iliyosahauliwa nyuma. Lakini mashine haihesabu urefu peke yake, inahesabu bei. Mita moja ya lami yenye utulivu ikiuzwa kwa moja, mita ya barabara yenye magari mengi huweza kuuzwa kwa mbili, na ya mchanga kwa tano. Anayezipanga bei hizo ndiye anayeichagua njia, hata kama hajapata kukaa juu ya baiskeli wala kukanyaga kisiwa.

Katika baadhi ya programu bei hizo hazionekani. Google Maps ilipoongeza maelekezo ya baiskeli mwaka 2010, ikianzia Marekani, mtumiaji aliletewa njia tayari, kama sahani ya mkahawani, jikoni haingii. Ile aliyotiliwa mzee iitwayo BRouter ina tabia nyengine. Inafanya kazi hata pasipo intaneti, na bei zake zimo katika faili la maandishi ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua na kulibadilisha. Mjukuu alilifungua. Kwa usiku kadhaa babu na mjukuu walikaa barazani wakipatana bei ya udongo kama watu wa Darajani wanavyopatana bei ya changu.

Hapo ndipo ilipotokea taabu ambayo kila mwenye kufasiri anaijua. BRouter hulishwa na OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, ambayo watu wa kila nchi huijaza kwa kujitolea. Kila kipande cha njia huwekewa lebo inayoeleza ni njia ya aina gani na juu yake pana nini, na lebo zenyewe ni za Kiingereza. Kuna lebo ya lami, ya kokoto, ya mchanga, ya udongo. Mzee alisomewa orodha, akauliza: udongo upi? Kwani kichanga si kinongo, na kinongo si kinamo. Kinongo, udongo mwekundu wa mashamba, wakati wa kiangazi hubeba baiskeli vizuri sana. Kinamo wakati wa masika hujikusanya baina ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma, na mpanda baiskeli akageuka kuwa mchukuzi wa baiskeli. Maweni nayo, ile nchi ya mawe ya matumbawe upande wa mashariki na kusini, haizamishi gurudumu hata kidogo, ila hukata mpira kama wembe. Neno moja la kule linakabiliana na matatu au manne ya hapa, na msomaji wa kule hajui kilichopungua. Mashine ndiyo msomaji wa namna hiyo hasa: haiulizi, na haioni haya.

Walikubaliana kufanya kama wafanyavyo wafasiri waliobanwa. Waliiacha lebo ya kigeni ilivyo, na pembeni yake, mahali pa maelezo panaporuhusu lugha yoyote, mjukuu akaandika kwa Kiswahili: kinamo, haipitiki masika. Programu haiwezi kuyasoma maneno hayo na kuyatia katika hesabu. Mtu anaweza.

Udongo, hata hivyo, ulikuwa jambo jepesi ukilinganisha na bahari. Kila aliyekaa pwani ya mashariki anajua kwamba baina ya Paje na Bwejuu kuna barabara mbili. Moja ni ya lami na haina siri. Ya pili ni pwani yenyewe. Mchanga mkavu ulio mbele ya nyumba humeza gurudumu, lakini ule uliotoka kufunikwa na maji ni mgumu kama sakafu, na watu hupita juu yake na baiskeli zilizosheheni samaki na kuni, au na mtoto wa skuli kwenye keria. Programu ikiuona ufukwe husoma "mchanga" na kuukimbia. Ikilazimishwa kuukubali, huukubali moja kwa moja, na itampitisha mtu pale pale saa kumi za jioni ya bamvua, maji yakiwa kifuani.

Maana barabara hiyo hufunguliwa na kufungwa na mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa yapata saa nne za asubuhi na kujaa yapata saa kumi za alasiri, na tofauti ya kina baina ya hali mbili hizo huweza kufika mita 4. Kila siku inayofuata nyakati husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali wala hairudi kwa kishindo, na ukanda mgumu wa mchanga huwa mwembamba. Hayo si elimu ya siri. Wavuvi na wakulima wa mwani huyapanga maisha yao humo. Na jadweli za maji zinapatikana, zimehesabiwa mapema kwa mwaka mzima. Kinachokosekana ni mtu wa kuiambia programu kwamba bei ya mita moja ya pwani ni moja saa nne na ni roho ya mtu saa kumi. Watengenezaji wake wameishughulikia mitelemko, taa za barabarani na hata ulaini wa lami, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyowasumbua kwao. Hapana ubaya katika hilo. Kila fundi huanza na mlango wake.

Tukiwa bado Michamvi, yupo na ghuba ya Chwaka wa kuulizwa. Ukiitaka mashine ikupeleke na baiskeli kutoka Michamvi hadi Chwaka, itakurudisha Paje, ikupitishe Kitogani na Jozani, ikuzungushe kupitia bara la kisiwa, na kukufikisha Chwaka baada ya zaidi ya kilomita 50. Mwenyeji huilaza baiskeli ndani ya mashua na kuvuka ghuba. Mashua hiyo haina ratiba. Huondoka ikipata maji na watu. Mzee alisema kwa kicheko kwamba katika utumishi wake wote hakuwahi kuandika fomu ya masurufu iliyokuwa na nafasi ya mashua, na kwamba kompyuta nayo yaelekea ilisomea ofisi ile ile.

Upepo nao haumo. Kuanzia Aprili au Mei kusi huvuma, na mwenye kushuka Makunduchi hupambana nao usoni; kaskazi ya Disemba hadi Machi humsukuma mgongoni mtu yule yule katika njia ile ile. Mabaharia walijua kuungoja upepo. Mpanda baiskeli mwenye haraka hungoja pia, hata kama mstari wa buluu hausemi.

Kuhusu Pemba, mzee alikuwa na dai zito zaidi. Aliitaka programu imwonyeshe njia ya Chake Chake hadi Wete, takriban kilomita 30, aliyoipita na mifuko ya barua alipokuwa kijana na ambayo magoti yake bado yanaikumbuka. Programu ilichora chini ya ramani mchoro wa miinuko na mabonde, na mchoro huo ulikuwa mtulivu kama shuka iliyotandikwa. Vilima vya Pemba havifiki mita 100, lakini ni vifupi na vikali, kimoja nyuma ya chengine, na hapo ndipo penye ugomvi. Vipimo vingi vya namna hii vimetokana na kazi iliyofanywa Februari 2000, pale chombo cha anga Endeavour kilipozunguka dunia kwa siku 11 kikipima sura ya nchi kwa rada. Kwa Afrika vipimo vilivyotolewa mwanzo vilikuwa na nukta moja katika kila mita 90 hivi, na kuanzia 2014 katika kila mita 30. Kilima kikali cha Pemba kinaweza kulala chote baina ya nukta mbili. Zaidi ya hayo, rada ya namna ile haifiki vyema ardhini penye miti mingi. Hurudi kutoka kwenye majani, na msitu au shamba la mikarafuu likahesabiwa kuwa sehemu ya mlima. Kwa hiyo mashine huweza kuondoa mlima uliopo na kuweka mlima wa majani usiokuwepo. Mzee aliporidhika kwamba kosa si la magoti yake, alilala vizuri.

Mpaka hapa mtu angeweza kudhani kwamba dawa ni kuandika zaidi: kila mpando, kila kinamo, kila njia ya mkato. Vitendea kazi vipo. Kuanzia 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha kutoka juu kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na miongoni mwa walioifanya kazi hiyo walikuwamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Picha hizo ni safi kiasi cha kuonyesha vitu vya ukubwa wa sentimita chache. Juu ya nchi ya maweni vijia vya miguu vinaonekana kama nyuzi nyeupe zilizoanguka juu ya kanga. Mjukuu aliweza kuvifuatisha kwa kidole, kimoja baada ya chengine, na kuvifanya njia za baiskeli za ulimwengu mzima.

Mzee alimzuia katika vijia vitatu. Kimoja kilipita nyuma ya nyumba, karibu na jiko la uani. Yeye alikuwa akikipita kwa sababu alikuwa tarishi, na kila alipokaribia alipiga hodi kabla hajaonekana. Cha pili kilikwenda penye mzimu. Cha tatu kilikatiza shamba la mtu aliyeruhusu jirani zake kupita na hakumruhusu mwengine. Mstari kwenye ramani haupigi hodi. Kijana alisema kwamba siku hizi hakuna kinachofichika, na kwa upande mmoja alikuwa na haki: Januari 2018 ilidhihirika kwamba ramani ya Strava, iliyokusanya mapito ya wakimbiaji na wapanda baiskeli wa dunia nzima, ilikuwa imeonyesha hata mipaka ya kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakifanya mazoezi na saa zao mikononi. Lakini kuvuja kwa siri ya kambi hakuwi ruhusa ya kupita uani kwa watu. Vijia vitatu havikuandikwa.

Kilichofuata hakikuwa na wepesi huo. Katika safari yake ya kwanza ya Michamvi mzee alipanga kuteremka pwani kwa kijia kilichokwishaandikwa na mtu mwengine, kijia ambacho yeye mwenyewe alikipita mara nyingi. Programu ilimpeleka sawa sawa. Alipofika, mbele yake palikuwa na ukuta mrefu wa hoteli mpya, umepakwa chokaa, na kijia kikiingia chini yake kama mkia wa panya. Alizunguka karibu kilomita 2 kuipata pwani, na huko akawakuta kina mama wa mwani wakizunguka vile vile na magunia mabichi kichwani. Mwani umelimwa kwa biashara katika pwani hii tangu 1989, na gunia bichi halina huruma na masafa.

Usiku ule mjukuu alikuwa tayari kukifuta kijia. Kanuni ya ramani huria ni moja na ni nzuri: andika kilichopo ardhini, si kinachotakiwa kuwepo. Kuacha mstari upenye ukuta ni kumdanganya mgeni atakayefuata. Mzee hakukataa kanuni, ila kufuta kulimkereketa, na alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Barua isiyokuwa na mpokeaji, alisema hatimaye, haichanwi. Huandikwa juu yake sababu ya kurudishwa, na tarehe.

Ikabidi kijana atafute. Na kweli pana namna. Kijia kilikatwa pale kinapokutana na ukuta, ukuta ukachorwa, vipande viwili vilivyobaki vikaachwa kila kimoja upande wake, na katika maelezo kikaandikwa kilichozuia. Isitoshe, ramani hii huhifadhi kila hali iliyopata kuwa nayo: ukiufungua mstari wowote utaona ulichorwa lini, ukabadilishwa lini, ulikuwa na umbo gani kabla ya hapo. Hata uliofutwa haupotei katika kumbukumbu. Kijia kile kilikuwemo humo kizima, kutoka kijijini hadi kwenye maji, na siku, mwezi na mwaka wake.

Bamvua iliyofuata mzee alirudi, akapita pwani saa nne maji yakiwa mbali, akawahadithia kina mama wale alichokiona. Mmoja wao, mtu mzima kuliko wenziwe, alitua gunia.

"Bwana tarishi, hiyo simu yako inaijua njia yetu?"

"Inaijua, bibi. Na tarehe ipo."

"Basi tutolee kwenye karatasi. Simu ya sheha haina kioo."

Mzee alikaa siku mbili akiunakili mstari kwa mkono, kwa sababu picha iliyotolewa na mashine ya mjini ilikuwa na wino hafifu na majina yote ya Kiingereza. Aliandika upya majina ya mahali kwa Kiswahili: mkwajuni, kisimani, dagoni. Ukuta aliuchora kwa wino mwekundu. Chini aliweka tarehe zote tatu, ya kuchorwa, ya kukatwa na ya kunakiliwa, na nafasi ya watu kutia saini au dole gumba. Saini zilipopatikana, karatasi ilikunjwa mara tatu, ikatiwa katika bahasha ya kaki, ikafungwa kwenye keria kwa mpira, na kupelekwa kwa sheha siku ya maji mafu, kwa njia ya kuzunguka.